Watia nia 11, dakika mbili kila mmoja: nisemeje nisikike?

"Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nasomesha madrasa Kaskazini Pemba na ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa mwani. Nimetia nia ya uwakilishi, yaani kuingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, kupitia chama chetu. Jimboni tumejitokeza watu 11, wanawake wawili tu. Kabla ya kura za maoni za kumpata mgombea wa chama, chama kimekubaliana na redio jamii tufanye mdahalo ukumbini, wajumbe wanaopiga kura hizo wakiwepo na wananchi wakisikiliza majumbani. Kipindi ni saa mbili. Kila mtu ana dakika mbili za kujieleza, kisha maswali ya muongozaji, jibu dakika moja. Anayeongoza kwa kuungwa mkono kati yetu ni yule aliyekuwa mwakilishi kipindi kilichopita. Kaka yangu anasema lazima nimvamie ili nionekane. Mume wangu anasema nisimguse mtu, nibaki na heshima yangu. Shoga yangu ameniletea vipande vya midahalo ya Marekani nijifunze. Mimi mbele ya watoto sina tabu, lakini mbele ya watu wazima sauti hutetemeka, na nina khofu nikikosea siku ile ndiyo basi. Mtu hushinda vipi mdahalo wa watu wengi namna hii?"

Waalaykum salaam warahmatullah, mwalimu. Barua yako imebeba maswali kadhaa kwa pamoja: vipi usikike katikati ya watu 11, umguse anayeongoza au umwache, na sauti uifanyeje. Yote nitayajibu. Naanza na lile la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokuzidishia khofu: unaiona siku ile kama siku ya kushinda au kuangamia. Sivyo ilivyo.

Mdahalo wa watu wawili huweza kuwa na mshindi. Wa watu 11 mara nyingi hauna, na hata anayesifiwa usiku ule si lazima afike mbali. Katika vipande alivyokuletea shoga yako huenda kimo cha Juni 2019, pale chama cha Democratic kilipokuwa na wagombea wengi hata mdahalo wao wa kwanza, mjini Miami, ukagawiwa usiku mbili, watu 10 kila usiku. Usiku wa pili Kamala Harris alimkabili Joe Biden uso kwa uso juu ya msimamo wake wa zamani kuhusu mabasi ya kuwachanganya wanafunzi weusi na weupe. Alisifiwa kila pembe na umaarufu wake ukapanda. Tarehe 3 Disemba mwaka ule ule alijitoa, kabla hata kura ya kwanza haijapigwa. Uteuzi akaupata Biden.

Karibu zaidi na sisi kuna Nairobi, Februari 2013, wagombea wanane wa urais wa Kenya kwenye jukwaa moja. Mwalimu Mohamed Abduba Dida, ambaye wengi hawakuwa wakimjua, aliwafurahisha watazamaji kwa majibu yake kiasi kwamba siku ya pili alikuwa gumzo la nchi. Kura zake hazikufika asilimia moja. Na kuna ambao hawaji kabisa na bado wanapita: Agosti 2023 wagombea wanane wa Republican walijadiliana Milwaukee, Donald Trump hakutokea, na uteuzi ukawa wake.

Hapa kwetu tumezoea mchujo wa vikaoni, si wa mbele ya maikrofoni. Mwaka 2020 zaidi ya wanachama 30 wa CCM walichukua fomu za kuomba urais wa Zanzibar. Halmashauri Kuu ya chama hicho ilipokutana Dodoma mwezi wa Julai kulikuwa na majina matatu tu ya kupigiwa kura: Dk. Hussein Ali Mwinyi akapata 129, Dk. Khalid Salum Mohamed 19 na Shamsi Vuai Nahodha 16. Chama chenu kukubali kuwasimamisha nyote mbele ya redio ni jambo jema sana, na natamani majimbo mengine yafuate. Ila usiupe mdahalo uzito usiokuwa nao. Wajumbe wana sababu zao nyingine: undugu, ahadi za zamani, aliyekwenda kwenye msiba na asiyekwenda. Ule utani wa "wajumbe si watu wazuri" ulioenea nchi nzima baada ya kura za maoni za 2020 ulihusu watia nia waliotegemea kura za wajumbe wakaja kuzikosa.

Mdahalo, basi, unafanya nini? Unaamua nani aendelee kufikiriwa. Mjumbe anaingia ukumbini akiwa na majina mawili matatu kichwani. Akitoka, kazi yako iwe umeingia katika majina hayo, au kama ulikuwemo, hukutoka. Hilo linawezekana kwa dakika chache, hata kwa mtu ambaye sauti yake inatetemeka.

Sasa tuangalie kwa nini ni vigumu kusikika. Katika uchaguzi mkuu mpiga kura anaongozwa na chama. Hata kama hajakusikiliza vizuri, rangi ya fulana inamwambia uko upande gani. Katika kura za maoni nyote mna fulana moja, ilani moja, mnawasifu viongozi wale wale. Msaada ule mkubwa unaondoka, na msikilizaji anabaki kutafuta alama nyingine ya kuwatofautisha: huyu ni nani, anatoka wapi, anajua anachokisema, tukimsimamisha atashinda? Ndiyo maana wanaochunguza siasa wamekuta kwamba midahalo ya ndani ya chama huwabadilisha watu mawazo zaidi kuliko ile ya vyama tofauti. Watu hawajafunga mlango bado.

Lakini alama hizo zinatafutwa ndani ya kelele. Piga hesabu pamoja nami. Watu 11 kwa dakika mbili ni dakika 22 za kujieleza tu. Kufika mtia nia wa tano, wasikilizaji watakuwa wameshasikia maji, barabara, umeme, ajira kwa vijana na ushirikiano, kwa maneno yanayokaribiana. Akili ya mtu haihifadhi orodha 11 za mambo saba saba. Inahifadhi kitu kimoja kwa kila mtu, na kwa wengi haihifadhi hata hicho. Wa mwanzo na wa mwisho hukumbukwa zaidi kidogo, na wa katikati humezwa.

Halafu muda wenyewe. Ukiondoa salamu, matangazo na maneno ya muongozaji, katika kipindi cha saa mbili utapata labda maswali matano au sita. Dakika mbili za mwanzo na dakika moja moja za majibu, jumla utakuwa umesema kama dakika nane. Zilizobaki, zaidi ya 110, utakuwa umekaa unawasikiliza wenzako, na wajumbe waliomo ukumbini watakuona muda wote huo. Watia nia wengi hufanya mazoezi ya dakika nane wakazisahau hizo nyingine. Anayechezea simu mwenzake akisema, anayecheka pembeni, anayetikisa kichwa kwa dharau, ameshasema mengi bila ya maikrofoni. Kaa sawa, sikiliza kwa kweli, chukua karatasi uandike. Mwenzako akisema neno zuri na likaja swali linalohusiana nalo, mtaje kwa uzuri kisha ongeza lako. Katika watu 11, anayeonesha kwamba aliwasikiliza wengine hukumbukwa kwa hilo tu.

Niingie kwenye ugomvi wa kaka yako na mume wako, maana hapa ndipo watia nia wengi wanapoharibikiwa.

Kaka yako ana hoja: mtu asiyejulikana akimvamia anayejulikana, watu hugeuza shingo. Tatizo ni kinachofuata. Mkiwa wawili, kura inayomtoka mpinzani wako haina pa kwenda ila kwako. Mkiwa 11, ukimchafua anayeongoza, kura zinazomtoka zinatawanyika kwa wengine tisa ambao hawakumgusa mtu, nawe umebaki na sura ya ugomvi. Februari 2016, kwenye mdahalo wa wagombea wa Republican kule New Hampshire, jimbo la Marekani, Chris Christie alimbana Marco Rubio mbele ya taifa zima, akimwambia anakariri hotuba ya sekunde 25. Rubio, badala ya kujibu, akarudia sentensi ile ile karibu neno kwa neno, na zaidi ya mara moja. Siku tatu baadaye watu walipiga kura: Rubio akawa wa tano. Christie, aliyemwangusha, akawa wa sita na akajitoa siku iliyofuata. Aliyeongoza kura zile ni Trump, ambaye katika ugomvi ule hakuhusika. Miaka 12 kabla, Iowa, jimbo jingine la Marekani, Howard Dean na Dick Gephardt wa Democratic walishambuliana kwa matangazo wiki nzima nzima, na waliofaidika ni John Kerry na John Edwards, wa kwanza na wa pili. Dean akawa wa tatu, Gephardt wa nne.

Kuna na jambo la utaratibu. Midahalo mingi humpa nafasi ya kujibu mtu aliyetajwa kwa jina. Ukimtaja aliyekuwa mwakilishi mara tatu, umemzawadia dakika tatu za ziada katika usiku ambao dakika ndizo mali. Na zaidi ya yote, huku kwetu yule unayemvamia ni mtoto wa shangazi ya mjumbe, au mumewe kasoma naye skuli, na baada ya kura za maoni mtahitaji kusimama pamoja. Hata Biden, aliyeshambuliwa na Harris Juni 2019, ndiye aliyemteua kuwa mgombea mwenza Agosti 2020. Hakuna anayejua kesho atamhitaji nani.

Hata hivyo sikubaliani moja kwa moja na mume wako, kwa heshima zote. Kubaki na heshima si kunyamaza juu ya kazi iliyofanyika au isiyofanyika. Aliyekuwa mwakilishi ana kumbukumbu: maswali aliyouliza Barazani, michango yake kwenye bajeti, miradi ya Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo. Hayo ni ya umma na unaweza kuyauliza bila ya kumuuliza yeye ni mtu gani. Zungumzia kitu, usimzungumzie mtu. "Kisima cha kijijini kwetu kilichimbwa, pampu haijafungwa mpaka leo, na mimi nitaanzia hapo" ni sentensi ambayo kila mtu ukumbini anajua inamhusu nani, na hakuna jina lililotajwa wala dakika iliyotolewa. Lakini iwe kweli. Nenda ukakitazame kisima wiki hiyo hiyo, usije kukuta pampu imefungwa juzi.

Nawe utaguswa, mwalimu, na pengine si kwa kazi. Mwanamke anayegombea huulizwa nani atamlelea watoto, mumewe amemruhusu, atakwenda vipi vikao vya usiku. Unaweza kukasirika na utakuwa na haki. Ila ukitumia dakika nzima kujitetea, dakika hiyo imekwenda na watakachokumbuka ni kwamba uliulizwa. Andaa sentensi moja ya utulivu, kwa mfano: "Mume wangu yumo ukumbini leo na nimetoka nyumbani kwa dua yake, sasa niulize ulilonalo kuhusu jimbo." Kisha endelea na mwani. Kabla ya siku yenyewe, mwandikie muongozaji kwa adabu, bora mkiandika pamoja wewe na yule mwanamke mwenzako, mkiomba kila swali la familia mtakaloulizwa nyinyi, wanaume nao waulizwe. Waongozaji wengi wa redio jamii ni watu waelewa. Wakikumbushwa mapema hulizingatia.

Tuje kwenye zile dakika mbili. Mtu anayesema kwa utulivu redioni hutumia maneno kama 100 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo una maneno 220 hivi. Si mengi. Na hapa kuna shimo la kwetu sote: itifaki. Nimewasikia watia nia wakimsalimia mwenyekiti, katibu, wazee, wana jumuiya zote, wageni waalikwa kila mmoja kwa cheo chake, na wakifika kwenye jambo lao kengele inalia. Omba chama kimpe mtu mmoja kazi ya kuwasalimia wageni wote kwa niaba yenu mwanzoni. Wewe toa salamu ya Mwenyezi Mungu, taja jina lako, uingie.

Jambo liwe moja. Najua ni vigumu kulikubali, maana jimbo lina shida nyingi na kuacha moja kunaonekana kama kuidharau. Lakini ukitaja saba hukutaja hata moja. Chagua lile ambalo wewe una haki ya kulisema kuliko wote 11, na kwako nadhani liko wazi. Mfano tu, uubadilishe kwa maneno yako:

"Naitwa fulani binti fulani. Nasomesha madrasa, na maji ya bamvua yakitoka nimo baharini nafunga mwani na mama zenu na wake zenu. Mwani aina ya cottonii, ambao ndio wenye bei nzuri, hauvumilii maji yakipata joto. Tunapanda, unakufa mkononi. Tunaobahatika kuvuna, bei tunaambiwa siku mnunuzi anapofika, na mzigo umeshakauka, hatuwezi kuurudisha baharini. Mkinipa ridhaa, swali langu la kwanza Barazani litakuwa kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi: lini bei ya mwani itatangazwa kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna? Nikijibiwa nusu nitauliza tena kikao kinachofuata. Na kila jibu nitalileta hapa hapa, kwa mdomo wangu, sitalituma kwa mtu."

Utaona kwamba sikuahidi kiwanda wala bandari. Mwakilishi anatunga sheria, anahoji serikali, anapitisha bajeti na kusimamia fedha za jimbo zilizowekwa kwa ajili hiyo. Yeye si waziri. Katika 11, kumi wataahidi vya waziri. Mjumbe mtu mzima ameshazisikia ahadi hizo tangu hajaota mvi, na atakayemwambia kwa uaminifu mpaka wa kazi yenyewe atamshtua kwa uzuri. Kwa maoni yangu hili ndilo la maana kuliko mbinu zote nilizokutajia, na bahati nzuri halihitaji sauti kubwa.

Usianze jibu kwa "nina mambo matatu". Novemba 2011 Rick Perry, gavana wa Texas, alisema jukwaani kwamba akiwa rais atazifuta wizara tatu. Akazitaja mbili, ya tatu ikamtoka, akahangaika nayo karibu dakika nzima mbele ya watu wote. Januari 2012 akajitoa. Angesema "kuna wizara nitazifuta" akataja mbili, hakuna ambaye angejua kwamba ipo ya tatu. Na kutoka kwa Rubio chukua hili: kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho tu. Zile za kati zijue kwa maana, uzieleze kila mara kwa maneno mengine kidogo. Aliyekariri kila neno, akikatizwa hana pa kurudi ila mwanzo.

Ukiangukia katikati ya foleni, usifungue kwa "kama walivyotangulia kusema wenzangu". Hapo unamwambia msikilizaji apumzike. Fungua na bahari. Ukiwa wa kwanza, sema polepole zaidi, kwa sababu masikio bado yanatulia. Ukiwa wa mwisho, fupisha, watakushukuru.

Redio ina sheria zake. Walioko nyumbani hawaoni uso, na sauti tisa za wanaume ni vigumu kuzitenganisha. Sauti yako inatambulika mara moja, itumie hiyo. Kwenye kila jibu la pili au la tatu jitaje kwa njia ya kawaida: "Mimi mkulima wa mwani nakwambia..." Usigeuze kichwa kuwatazama wajumbe huku ukisema, sauti itakimbia. Kaa shibiri moja hivi kutoka kwenye maikrofoni, usipige kelele hata ukumbi ukishangilia.

Na sasa huko kutetemeka. Unaposimama mbele ya watu, mwili humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi hupanda juu ya kifua na kuwa fupi, misuli ya koo hukaza. Sauti ni pumzi inayopita kwenye nyuzi za sauti. Pumzi ikiwa fupi na nyuzi zimekaza, lazima itetemeke. Si udhaifu wa imani wala wa akili, na haiondoki kwa kuambiwa usiogope. Inapungua kwa pumzi. Kabla jina lako halijaitwa, toa pumzi nje polepole, ndefu kuliko ile uliyoivuta, mara nne tano. Anza kusema ukiwa umeshavuta pumzi kamili, na sentensi ya kwanza iwe fupi. Wewe hili unalijua kuliko wengi: unasomesha tajwidi, unajua wapi pa kusimama ili pumzi ifike mwisho wa aya bila ya kukatika. Andika dakika zako mbili, kisha ziwekee alama za kusimama kama unavyowaonesha wanafunzi wako.

Pia watafiti wa saikolojia wamepima jambo hili na kukuta kwamba msemaji hudhani khofu yake inaonekana waziwazi, kumbe wasikilizaji wanaiona kidogo kuliko anavyofikiri. Wale waliojulishwa hilo kabla ya kusema walisema vizuri zaidi. Kwa hiyo nakujulisha. Usiombe radhi kwa kutetemeka, maana wengi hawajaona.

Umesema watoto hawakutii khofu, watu wazima ndio. Basi fanya mazoezi mbele ya watu wazima, si mbele ya kioo. Anza na watatu wa kikundi cha mwani, umesimama, simu inahesabu dakika. Wiki nyingine waongeze. Mmoja awe mkorofi, akuulize maswali ya kuudhi na akukatize. Baada ya kila zoezi usiwaulize "nimefanya vizuri?" kwa sababu wanakupenda, watasema ndiyo. Waulize: "Mmekumbuka nini?" Wakitaja vitu tofauti, maneno yako bado ni mengi.

Ukikosea je? Oktoba 1976 Rais Gerald Ford wa Marekani alisema kwenye mdahalo kwamba Ulaya Mashariki haiko chini ya Umoja wa Kisovieti. Waliohojiwa muda mfupi baada ya mdahalo wengi hawakuliona hilo kuwa kosa kubwa. Vyombo vya khabari vilipolirudia siku nzima iliyofuata, maoni yakageuka, na watu wakasema Ford alishindwa vibaya. Kwa maana hiyo mdahalo una nusu ya pili, na kwetu nusu hiyo huchezwa kwenye baraza za nyumba, kwenye maskani na kwenye makundi ya WhatsApp. Ukiteleza, rekebisha pale pale kwa sentensi moja, "nimesema hivi, nilikusudia hivi", uendelee. Rikodi dakika zako zote, ili kikisambazwa kipande kilichokatwa uwe na kizima. Na wenzako wa kikundi wawe wanajua ile sentensi yako moja, waiseme asubuhi yake kisimani na sokoni kabla wengine hawajakusemea.

Nikwambie na hili kwa uwazi: unaweza kuyafanya yote haya vizuri na usipate kura za kutosha. Aliyekuwepo ana faida ambayo mdahalo mmoja hauiondoi. Kama muda wako ni mchache na inabidi uchague kati ya wiki ya mazoezi na wiki ya kuwatembelea wajumbe majumbani, mimi ningekupa theluthi moja ya mazoezi na theluthi mbili ya miguu, kwa sharti kwamba kanuni za chama chenu zinaruhusu kuonana na wajumbe kipindi hicho. Zisome wewe mwenyewe, usisimuliwe. Watia nia hukatwa majina kwa kujitembeza kabla ya wakati.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Ikiwa khofu inafika hadi kukosa usingizi kwa siku nyingi, kifua kubana, kizunguzungu cha kuanguka, nenda hospitali uonane na daktari. Hiyo inatibika, na si lazima ujitoe. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nayo ipeleke kwa daktari. Wanaosomesha huumia nyuzi za sauti bila ya kujua. Kwa mazoezi ya ana kwa ana na wanawake wenzako, watafute TAMWA Zanzibar (chama cha wanahabari wanawake), ZAFELA (jumuiya ya wanasheria wanawake Zanzibar) au PEGAO (jumuiya ya utetezi wa jinsia na mazingira) hapo hapo Pemba. Wote wana uzoefu wa kuwajenga wanawake wanaogombea, na ZAFELA wana wanasheria.

Na mtu akikutaka fedha ili upitishwe, au akakutaka wewe mwenyewe, hilo si suala la mdahalo tena. Ni jinai, na pa kulipeleka ni ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi. Usijibizane naye wala usiufute ujumbe wowote wa simu, uache kama ulivyo pamoja na tarehe na saa yake. Siku ya kwenda kuripoti usiende peke yako, nenda na mume wako au kaka yako, na mkishatoa maelezo ombeni nambari ya shauri kabla ya kuondoka.